MAONI YETU: DUMU LA SUMU HALIFAI POMBE



Mvua zimeshika, mianzi inachipua, na wagema wameanza kupita asubuhi na jioni kukinga ulanzi. Akina mama wapika komoni wao kazi yao haina msimu, mwaka mzima moto unawaka. Basi wakati huu hakuna kitu kinachotafutwa hapa kijijini kama dumu. Wakati huu huu ndipo mahindi, viazi na nyanya vinapopigwa dawa, na madumu matupu ya dawa yanazagaa mashambani. Mambo haya mawili yanakutana mnadani. Tumeyaona kwa macho yetu madumu ya dawa ya magugu na ya wadudu yameoshwa kwa sabuni na mchanga, lebo imebanduliwa, yamepangwa kando ya barabara, bei chee. Wanunuzi hawakukosekana.

Maoni yetu ni haya, na tunayasema wazi: dumu lililowahi kubeba sumu, hata kwa siku moja tu, haliwezi tena kuwa chombo cha kitu kinachoingia tumboni mwa mtu. Lioshwe, lisuguliwe, lianikwe juani mwezi mzima, bado ni dumu la sumu.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Ulanzi ulikingwa kwa mbeta, na mbeta ni mwanzi wenyewe. Komoni na kimpumu vilichachukia katika vyungu, na vyungu vizuri vilitoka kwa akina mama Wakisi wa Ikombe, kule Kyela kando ya Ziwa Nyasa, ambao mpaka leo wanafinyanga. Chungu cha pombe kilijulikana nyumba nzima, wala hakuna aliyethubutu kukitilia kitu kingine. Lakini chungu kina kasoro zake. Ni kizito, kinavunjika, na ukikifunga kwenye baiskeli kwa njia zetu hizi utafika na vigae. Plastiki ilipokuja watu waliipokea kwa mikono miwili, na hatuwalaumu. Sisi hatupingi plastiki. Tunachosema ni kwamba chungu kilikuwa na jambo moja ambalo dumu la mnadani halina: tulijua kilikotoka.

Hebu tuelewane kwanza kwa nini kuosha hakutoshi. Plastiki inaonekana ngumu kama jiwe, kumbe inanyonya. Kila mwenye dumu la mafuta ya taa ni shahidi. Lioshe kwa maji moto, lioshe kwa majivu, lioshe kwa limau, halafu litie maji ya kunywa. Yatanuka mafuta ya taa tu. Sasa mafuta ya taa yana uungwana wake, yanakuonya kwa harufu. Sumu nyingi za shambani hazina uungwana huo. Zinaweza kukaa kimya ndani ya plastiki, bila harufu wala rangi.

Na pombe siyo maji. Pombe ina ukali wa asidi, ina kileo, tena inakaa ndani ya chombo ikiwa na vuguvugu, siku moja, mbili au tatu. Vitu hivyo vyote husaidia kuvuta kilichojificha katika plastiki na kukileta kwenye kikombe.

Wengine watasema, "Aa, sisi tumekunywa miaka yote, mbona hatujafa?" Ndugu, hapo ndipo pagumu. Dalili za sumu ya wadudu zinafanana sana na dalili za ulevi. Mtu anatapika, anatoka jasho, anaona ukungu, anatetemeka, miguu inakosa nguvu. Akifanya hivyo mgonjwa, tunambeba mbio hospitali. Akifanya hivyo mtu aliyetoka kilabuni, tunamcheka na kumwacha alale. Nani kati yetu anaweza kuapa kwamba wote waliowahi kulala hivyo walikuwa wamelewa tu? Asubuhi kichwa kinauma, tunasifu kwamba komoni ya mama fulani ni kali kweli kweli. Huenda siyo ukali wa kimea.

Wengine watasema, "Komoni inapikwa, moto unaua kila kitu." Moto unaua wadudu wa magonjwa, lakini siyo kila sumu inaogopa moto. Tukumbuke yaliyowapata jirani zetu wa Msumbiji. Mwezi Januari mwaka 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Kwanza watu walisema ni nyongo ya mamba. Baadaye mwaka huo huo wataalamu wakapima, wakakuta sumu iliyotengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Pale kosa halikuwa la dumu, lilikuwa la unga. Lakini fundisho ni moja: sumu ikishaingia katika pombe, moto hauitoi, uchachu hauitoi, na mnywaji haioni. Isipoingia ndiyo salama.

Tena isidhaniwe kwamba jambo hili ni la walevi tu. Ulanzi ukiwa bado mtogwa, mtamu, watoto wetu wanapewa. Togwa ya mahindi wanapewa. Dumu lile lile likitoka kilabuni linakwenda kisimani. Kwa hiyo ndugu zetu wa makanisani na misikitini ambao hawagusi pombe wasipite mbele ya gazeti hili wakisema hayawahusu. Yanawahusu.

Sasa tuchague vipi? Tumeyapanga ili kila mmoja ayasome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Kwanza, uliza historia ya chombo. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Dumu la njano lililobeba mafuta ya kula linafaa, likiwa safi na halijatumiwa kwa kitu kingine katikati. Ndoo mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula inafaa. Visivyofaa ni vyombo vya dawa za mimea, dawa ya josho, rangi ya nyumba, oili ya gari, maji ya betri na dawa za viwandani. Ndoo ya rangi tunaijua sote, ni imara na ina mfuniko mzuri, lakini ibebe mchanga na saruji. Lile pipa la bluu lisilo na lebo, ambalo muuzaji anakuambia "lilikuwa na juisi, mama", liache hapo hapo. Chombo kisichojulikana kilikotoka tukihesabu kuwa cha sumu.

Pili, geuza chombo utazame chini. Utakuta pembetatu ya mishale na namba ndani yake, 1 mpaka 7. Hata aliyeanza kisomo juzi anaweza kuisoma. Kwa kuchachushia pombe, tafuta 2 au 5, ndizo plastiki ngumu zinazovumilia. Namba 1 ni ile ya chupa za maji, haivumilii moto, inanywea. Namba 3, 6 na 7 tuziache. Ukiona pia picha ya glasi na uma, maana yake chombo kilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Lakini sikilizeni sana hapa, maana wengi wanapotea: namba inakuambia aina ya plastiki, haikuambii kilichokuwa ndani. Dumu la sumu nalo mara nyingi ni namba 2. Namba haifuti historia.

Tatu, tazama ndani. Chombo chenye mikwaruzo na nyufa ni maficho ya vijidudu vinavyoigeuza pombe kuwa siki. Tuache kusugua plastiki kwa mchanga na waya wa chuma. Tutumie kitambaa, sabuni na maji ya uvuguvugu, tusuuze vizuri, tukifudikize kikauke. Na kwa kuwa mkono hauingii kwenye shingo ya dumu, ni bora pombe ichachukie katika ndoo yenye mdomo mpana, dumu liwe la kusafirishia tu.

Nne, joto. Uji wa komoni upozwe kwenye sufuria mpaka mkono uvumilie, ndipo umiminwe katika plastiki na kutiwa kimea. Plastiki ikichomwa inalegea na kutoa vitu vyake, na chachu nayo inakufa. Hasara mbili kwa haraka moja.

Tano, hewa. Pombe inapochachuka inatoa gesi. Dumu lililokazwa kifuniko linavimba na linaweza kupasuka. Lifunikwe kwa kitambaa safi kilichofungwa kamba. Zamani wengine walifunika kwa mifuko ya rambo. Hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na tusiitafute tena.

Sita, asije mtu akasema basi turudi kwenye debe na pipa la bati. Bati lililopakwa zinki likikutana na ukali wa pombe linayeyusha zinki, na wanywaji wanatapika. Ukikosa plastiki nzuri, chungu ni bora kuliko bati.

Ndugu wakulima nao wana sehemu yao, tena ndiyo ya mwanzo. Ukimaliza dawa, suuza dumu mara tatu, na maji ya kusuuza uyarudishe kwenye bomba la kupulizia uyamalizie shambani. Halafu litoboe pale pale, chini na ubavuni. Kusuuza huko ni kwa ajili ya kuliondoa kwa usalama, siyo kulirudisha jikoni. Usilitupe mtoni, maana maji yetu yanashuka Ruaha Mkuu na kuna watu wanayanywa huko chini. Usilichome nyumbani, moshi wake ni sumu. Na tujifunze kusoma ule mstari wa rangi ulio chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kabisa, halafu njano, halafu buluu, halafu kijani. Hata hiyo ya kijani siyo chakula.

Ikitokea mtu amekunywa kitu na mate yanamtoka ovyo, anahema kwa shida, anatetemeka au mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje, msimwache alale kwa kudhani amelewa. Msimtapishe kwa nguvu, msimpe maziwa wala dawa ya kienyeji. Mbebeni mara moja mpaka zahanati, na mchukue chombo alichonywea pamoja na lebo kama ipo, mganga ajue anapambana na nini.

Tunajua tatizo kubwa ni fedha. Mama anayepika komoni ili mtoto apate sare ya shule hawezi kutupa madumu matano leo na kununua mapya kesho. Kumwambia "acha" bila kumpa njia ni maneno matupu. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano mkuu wa ushirika.

La kwanza, kila anayechukua dawa katika ghala la ushirika aandikwe idadi ya vyombo, na asipewe dawa nyingine mpaka arudishe vile vya kwanza vikiwa vimetobolewa. Vihifadhiwe mahali palipofungwa mpaka bwana shamba atuelekeze namna ya kuviondoa.

La pili, ushirika utenge fedha ununue ndoo na madumu ya chakula kwa jumla, maana kwa jumla bei inapungua. Wapika pombe na wagema wakopeshwe, walipe kidogo kidogo kila wanapouza.

La tatu, vyombo vya kilabuni vikaguliwe na kamati ya afya ya kijiji pamoja na akina mama wenyewe wanaopika. Dumu la sumu litakaloonekana litobolewe hadharani. Gongo hatuizungumzii hapa, ile ni haramu kwa sheria na haina dumu lake salama.

Tumekwisha kusikia wanaonung'unika: fedha ya mahindi ya wanaushirika itumike kununulia vyombo vya pombe? Swali ni la haki na lijibiwe. Fedha hiyo ni mkopo, itarudi. Fedha ya mazishi hairudi. Na anayezikwa atakuwa mwanaushirika, au mtoto wa mwanaushirika, aliyepewa kikombe cha mtogwa njiani akitoka shule.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, halafu wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Hawakungoja mtu atoke mjini kuwachimbia. Kazi ya leo ni ndogo kuliko ile. Inahitaji msumari, nyundo, na msimamo.

Ndugu, kabla ya mkutano kila nyumba itoe madumu yake nje iyatazame moja moja. Lile ambalo hakuna mtu nyumbani anayeweza kusema lilitoka wapi, lisingoje azimio. Litobolewe leo.

Ushirika ni nguvu. Mtu ni afya.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Gazeti la Ukutani