Binti yako anaweza kusema "la"?

Msomaji, ukimleta binti yako kliniki nitampima joto, uzani na damu. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi madaktari hatulipimi: je, anaweza kumkatalia mpenzi wake, na akikataa, anasikizwa?

Huku kwetu kwenye majani chai, Kericho na Bomet, nimewauliza wasichana wengi. Karibu wote hunijibu haraka, "Ndiyo, daktari, naweza kukataa." Kisha huwauliza, "Mara ya mwisho ulipokuwa hutaki, ilikuwaje?" Hapo wengi huinamisha kichwa. Mmoja alinyamaza kwa kuwa mvulana ndiye aliyemnunulia sodo. Mwingine aliogopa kwa kuwa mwanamume huyo alikuwa msimamizi wa mama yake kazini.

Kwa maoni yangu, kipimo ni hilo swali la pili. La kwanza humfanya mtoto ajibu kama aliye darasani.

Watafiti pia huuliza hivyo. Mwaka 2000 Julie Pulerwitz na wenzake wa Marekani walitoa maswali ya kupima ni nani mwenye usemi kati ya wapenzi wawili. Mwaka 2004 uchunguzi katika kliniki za waja wazito huko Soweto, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba wanawake waliotawaliwa sana na wapenzi wao walipatikana zaidi na virusi vya Ukimwi. Kukosa usemi, basi, ni jambo la afya.

Lakini tusimpime msichana peke yake kisha tumlaumu. Mvulana naye aulizwe: "Ulijuaje kwamba alitaka?" Na mtu mzima akumbuke kwamba chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akisema "ndiyo".

Mtoto akilazimishwa, mpeleke hospitalini mara moja. Dawa za kuzuia virusi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Simu ya watoto ni 116, bila malipo.

Nawe mzazi, jiulize leo: ni lini binti yako alikataa jambo hapo nyumbani ukamsikiza? Asiyewahi kusikizwa na babake atategemea vipi kusikizwa na mwanamume mwingine?