Koltani: jina moja, madini mawili

Rubaya, wilayani Masisi, hakuna anayehitaji kuelezwa koltani ni nini. Hata hivyo neno lenyewe si la lugha yoyote ya Kivu, na huko Ulaya wengi walilisikia kwa mara ya kwanza karibu na mwaka 2000, bei ilipopanda ghafla kwa ajili ya simu na kompyuta.

Ni neno la biashara, kifupi cha majina mawili: kolumbiti na tantaliti. La kwanza linatokana na kolumbi, jina ambalo Mwingereza Charles Hatchett aliipa metali aliyoigundua mwaka 1801 katika jiwe lililotoka Marekani. La pili ni la Msweden Anders Ekeberg, mwaka 1802. Aliona unga wa metali yake ukitiwa katika asidi bila kunyonya chochote, akamkumbuka Tantalus wa hadithi za Wagiriki, aliyesimama majini hadi kidevuni, na kila akiinama kunywa maji yanamkimbia. Wachimbaji wa Masisi wangemwelewa haraka.

Kolumbi leo inaitwa niobi, jina lililoidhinishwa na wanakemia mwaka 1950. Yaani nusu ya neno koltani ni jina la metali ambalo wenyewe walishaliacha.

Si habari ya wasomi tu. Jina hilo moja limefunika madini mawili yasiyolingana thamani. Ghali ni tantali, na bei ya soko hufuata asilimia yake ndani ya mzigo. Mwenye mashine ya kupimia anaijua asilimia hiyo. Mwenye gunia na mizani anajua kilo tu, na akiambiwa mzigo wake ni hafifu, hana cha kujibu.

Walikale, mgodi wa Bisie umejulikana kwa kasiteriti, kutoka neno la Kigiriki la bati. Huko jina angalau linataja kilichomo, ingawa nako asilimia ndiyo inayopanga bei.

M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Mtawala amebadilika, gunia ni lile lile. Vyama vya ushirika vya wachimbaji vingeanza na dai dogo: mchimbaji aoneshwe asilimia ya tantali kabla bei haijatajwa, na aandikiwe kwa Kiswahili.