Kadi za Mpira na Hela ya Chakula

Hatuna ugomvi na mpira, wala na mtu anayehifadhi picha za wachezaji wa zamani. Tunachokataa ni mtoto wa madrasa kutoa hela yake ya chakula cha mchana akanunua pakiti iliyofungwa, hajui mna nini ndani, akitumaini kupata mchezaji adimu. Akikosa, kesho yuko dukani tena. Kama hiyo si gharar, gharar ni ipi? Na tusishangae, kwani huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, kadi za wanasoka zilitiwa hata ndani ya pakiti za sigara ili sigara zinunuliwe.

Kinachotuuma zaidi, watoto hao hao hawamjui Phillip Omondi wa Uganda iliyofika fainali ya Afrika mwaka 1978 kule Accra (tulifungwa na Ghana 2-0), ilhali wanapita kila siku kwenye uwanja wa Lugogo wenye jina lake! Hawamjui Majid Musisi wa SC Villa, aliyekwenda kuchezea Rennes ya Ufaransa na akafariki mwaka 2005. Magazeti ya miaka hiyo bado yamo kwenye masanduku ya mababu. Yafungueni pamoja nao, kateni picha, bandikeni daftarini, andikeni na mwaka. Madaftari hayo tutayatazama darasani Jumamosi, inshaallah.