Hasira barabarani zinatumalizia vijana

Ndugu Mhariri,

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua wananchi wengi, hasa sisi tunaoishi kando ya barabara kuu. Jambo lenyewe ni ukosefu wa adabu kati ya waendesha pikipiki na madereva wa magari, pamoja na hasira zinazofuata baada ya hapo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho kando ya barabara ya Morogoro hadi Dodoma. Barabara hii hupitisha mabasi ya mikoani na malori yanayopeleka mizigo hadi Rwanda, Burundi na Kongo. Wanafunzi wangu huivuka asubuhi na jioni. Baadhi ya vijana niliowafundisha kusoma na kuandika ndio hao hao walioko leo kijiweni na pikipiki zao. Kwa hiyo ninapoandika habari hii siandiki juu ya watu wa mbali.

Wapo wananchi wanaosema dawa ni kuzipiga marufuku bodaboda katika barabara kuu. Mimi siungani nao. Biashara hii ilianzia kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, miaka ya 1960, na hapa kwetu pikipiki za abiria ziliwekewa kanuni rasmi za leseni mwaka 2010. Tangu hapo hali ya vijijini imebadilika. Mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, anayegonga mlango wa kumwokoa ni kijana wa bodaboda. Anayesema vijana hawa waondolewe atueleze kwanza nani atawabeba wagonjwa wetu.

Lakini kuwatetea si kuficha ukweli. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa wanafunzi wangu na wa kaka zao walioko kijiweni. Hapa nchini Taasisi ya Mifupa Muhimbili imetueleza mara nyingi kwamba majeruhi wa pikipiki ni sehemu kubwa ya kazi yake.

Tukiulizana chanzo, kila mmoja humnyoshea kidole mwenzake. Mwenye gari husema bodaboda wanachomekea, wanapita kushoto na kulia, wamefungua vioo vya pembeni, wanabeba mishikaki. Mwenye pikipiki husema mabasi yanalipita lori huku yakimwona yeye anakuja mbele, yanamwashia taa kali ili ashuke lami mwenyewe. Kwa maoni yangu wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana kila mmoja anajiona ana haki ya kukasirika.

Nitoe mfano mmoja. Msimu wa mvua uliopita, lori lilikanyaga dimbwi karibu na kijiji chetu likamrushia maji ya tope kijana wa bodaboda aliyekuwa amempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Maji yale hayakumwangusha mtu. Pikipiki ilikuwa salama na abiria salama. Lakini kijana aliona ametukanwa. Akalifukuza lile lori, akalipita, akaingia mbele yake ili alisimamishe. Dereva alishika breki kwa nguvu zake zote, naye kijana akateleza. Yule mama alivunjika mguu. Mtoto alinusurika kwa sababu mama yake aliangukia ubavu na si mgongo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofika pale. Dereva wa lori, mzee wa makamo, alikuwa akitetemeka na kuuliza, "Jamani, nimemfanya nini?" Hakuwa na habari ya dimbwi wala ya maji.

Hapo ndipo lilipo somo la barua yangu. Tope lilimchafua kijana shati, na shati hufuliwa. Kilichomvunja mama yule mguu ni hasira. Wazee wetu walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na barabarani nyasi ni abiria, ni mtembea kwa miguu, ni mtoto wa shule.

Mimi husomesha hisabati, kwa hiyo naomba ndugu zangu tufanye hesabu kidogo. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa huchukua dakika 12. Kwa mwendo wa kilomita 80 huchukua dakika saba na nusu. Mwenye haraka ameokoa dakika nne na nusu, ambazo akifika kijiweni atazimaliza kwa kusubiri abiria mwingine. Sasa tutazame alichotoa. Kwa mwendo wa 50, pikipiki hukata karibu meta 14 kwa kila sekunde. Kwa mwendo wa 80 hukata meta 22. Mtoto akikurupuka barabarani, mtu huhitaji kama sekunde moja kabla mkono wake haujashika breki. Katika sekunde hiyo moja mwenye haraka amekwenda meta nane zaidi, karibu urefu wa darasa zima. Na akishashika breki, umbali wa kusimama hauongezeki kwa kadiri ya mwendo tu. Huwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa mwenzake.

Basi tufanye nini? Nianze na vijana wa pikipiki. Kioo cha pembeni si urembo, kirudishwe mahali pake. Indiketa ya pikipiki nyingi haizimiki yenyewe, ukishakata kona uizime, maana anayekufuata ataamini unakata tena. Usijipenyeze kushoto kwa lori linalotaka kukata kushoto, kwani ikiwa wewe huoni uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni wewe. Abiria ni mmoja, na kofia ngumu ziwe mbili. Kofia ikivaliwa na kufungwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40 na ya kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haimsaidii mtu.

Kwa madereva wa magari nasema hivi. Pikipiki inayokuja mbele yako ni chombo kamili chenye haki ya njia. Si halali kuiwashia taa ili ikupishe wewe unayelipita gari jingine. Ukimpita mwenye pikipiki mwachie nafasi ya kutosha, maana upepo wa basi peke yake waweza kumyumbisha. Usiku punguza taa. Ukiona dimbwi na mtu kando yake, punguza mwendo. Ukisimama, tazama nyuma kabla ya kufungua mlango. Mambo haya hayana gharama hata ya senti moja.

Abiria nao wana wajibu wao. Wapo wanaompiga dereva begani, "Wahi kaka, nimechelewa!" Wapo wanaochochea, "Mfuate huyo, kakudharau!" Abiria wa namna hiyo anachochea moto akiwa amekalia kuni. Neno jema la abiria, "Mwache aende, kijana wangu," limeokoa wengi.

Sasa nije kwenye hasira yenyewe. Tulipokuwa chuo cha ualimu, wakufunzi walitufundisha kwamba mwalimu aliyekasirika asitoe adhabu saa ile ile. Atoke nje kwanza, apumue, kisha arudi akiwa mwalimu. Naona mafunzo hayo yanafaa sana barabarani. Mtu akikukosea njiani, punguza mwendo umwache atangulie. Mkorofi akiwa mbele yako unamwona, akiwa nyuma yako humwoni. Usimkodolee macho wala kumrudishia tusi. Kama kosa ni kubwa, shika namba za gari lake ukatoe taarifa kituo cha polisi. Kama mikono inatetemeka, simama mahali salama unywe maji. Na kabla ya kuhukumu kuwa umedharauliwa, jiulize kwanza kama yule mtu alikuona. Mara nyingi hakukuona.

Jambo jingine linalonisikitisha ni tabia ya vijiwe kukusanyika kwa mawe na marungu mara mwenzao anapogongwa. Machi mwaka 2022 jijini Nairobi, kundi la waendesha bodaboda lilimshambulia na kumdhalilisha mwanamke mmoja ndani ya gari lake kufuatia madai ya ajali. Serikali ya Kenya iliamuru msako na uandikishaji wa waendesha bodaboda nchini humo, na hasara ikawapata hata vijana ambao hawakuwapo pale. Hata hapa kwetu tabia hii inatugeuka wenyewe. Sheria inamtaka dereva aliyepata ajali asimame na kutoa msaada. Lakini dereva anayeona mawe yanakuja atakimbia, na majeruhi atabaki lami akivuja damu bila gari la kumpeleka hospitali. Kijiwe kinachodhani kinamtetea mwenzao ndicho kinachomnyima gari.

Mwisho, tusiwalaumu vijana peke yao. Wengi wao hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wako katika mkataba, na kila jioni lazima wapeleke hesabu kwa tajiri. Tuseme hesabu ni Sh 10,000 na safari moja ni Sh 1,000. Kijana huyo ataendesha safari kumi kabla hajapata ya mafuta wala ya unga wa nyumbani. Siku ya mvua hesabu haipungui. Siku ya ugonjwa haipungui. Mtu anayefukuzwa na deni tangu alfajiri hawezi kuwa na subira jioni. Nashauri matajiri wa pikipiki wakubali hesabu ya wiki badala ya siku, na siku moja ya mapumziko isidaiwe. Chombo kikivunjika au kijana akifa, tajiri naye amepoteza.

Nashauri pia viongozi wa vijiwe wajiwekee kanuni, kwamba asiye na leseni na kofia mbili hapangi foleni. Askari wa Usalama Barabarani wasingoje Wiki ya Nenda kwa Usalama, bali waje vijijini wazungumze na vijana hata pasipo ajali. Kijana anayemjua askari kwa mazungumzo hatamkimbia kwa kupita vichochoroni akiwa na abiria. Nasi walimu tuendelee kuwafundisha watoto kuvuka barabara kwa vitendo, lamini penyewe, si kwa picha ya ubaoni tu.

Ndugu Mhariri, hasira ni hasara, msemo huu kila mtu anaujua. Barabarani hasara hiyo hulipwa palepale, na mara nyingi hulipwa na asiyehusika. Yule mama bado anatembelea gongo, na shamba lake msimu huu limelimwa nusu. Kijana naye anaendelea na mkataba wake. Ninawaomba ndugu zangu wa pande zote mbili, wa usukani wa gari na wa usukani wa pikipiki, tupishane kwa heshima kama tunavyopishana mlangoni mwa nyumba. Anayempisha mwenzake hajashindwa.

Mwalimu wa Kijijini,
Wilaya ya Kilosa,
Morogoro.