Baraza Ni Baraza: Tusikubali Kutiwa Kapu Moja

Vijana wenzangu, kuna swali linaonekana dogo lakini mwisho wake unaweza kuwa jela. Je, baraza la mijadala la mtandaoni ni mtandao wa kijamii?

Wengi hujibu haraka haraka. Huyu atasema, "Ndio, si zote ni intaneti tu." Yule atasema, "Hapana, hili ni grupu letu wenyewe, hatuko Facebook." Wote wawili wamerukia jibu. Kabla hujajibu, muulize anayeuliza: wewe ni nani, na jibu langu unataka kulifanyia nini?

Maanake tofauti ipo, na kila mtumiaji anaijua. Ukiwa TikTok unafuata watu, na kampuni ndiyo inaamua video gani ikufikie. Kwenye baraza unafuata mada. Umeingia kwa sababu unataka kujua kuhusu hati ya shamba, kazi za Saudia, au dawa ambayo mama ameandikiwa. Hujali anayejibu ana wafuasi wangapi. Jina la kubandika latosha. Jibu lililoandikwa miaka kumi iliyopita bado liko pale, na mwenye baraza yuko pale pia, akuambie punguza maneno au toka. Ni kama kibaraza cha nje ya nyumba. Na mambo haya si ya juzi: Usenet ilibuniwa 1979, Facebook ikaja 2004. Baraza lilitangulia.

Lakini serikali haijali nani alitangulia. Serikali inatafuta jina pana la kushikia kila mtu.

Tazameni jirani zetu Tanzania. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Watu walikuwa wanajadili tuhuma za ufisadi kwa majina ya bandia, na wakubwa walitaka majina ya kweli. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Wenye blogu na wenye mabaraza wakatiwa kapu moja, wakatakiwa kuwa na leseni. Ada zote pamoja za mwaka wa kwanza zilifika shilingi milioni 2.1 za Tanzania. Adhabu ya kukiuka: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni 2018 JamiiForums ikafunga kwa muda. Baadaye ikarudi, ikawa na leseni. Basi yakaisha? Wapi! Septemba 2025 mamlaka ya huko ikaisimamishia leseni kwa siku 90.

Hapo ndipo tuelewane. Leseni ni mpini. Ukishampa mtu mpini, usishangae akikata.

Hata huko kwa matajiri swali hili limewashinda. Australia ilipitisha sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii, ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025. Reddit, ambayo ni mabaraza matupu, iliwekwa kwenye orodha pamoja na TikTok na Instagram. Discord na WhatsApp zikaachwa nje. Reddit ikaenda Mahakama Kuu ya huko kupinga. Moja ya hoja zake ni kwamba yenyewe ni mkusanyiko wa mabaraza ya mada, isihesabiwe mtandao wa kijamii. Sawa, Reddit ina mawakili. Admini wa grupu la mtaa kule Kisauni ana wakili gani?

Na msidhani hapa kwetu hayajajaribiwa. Mwaka 2019 mswada ulipelekwa Bunge letu, na tafsiri yake ya mitandao ya kijamii ilijumuisha hata uchapishaji na mijadala ya mtandaoni. Anayeanzisha grupu aijulishe Mamlaka ya Mawasiliano. Admini aidhinishe kila anayeingia, ahakikishe ametimiza miaka 18, na achunge kinachoandikwa. Yaani grupu la kuchangia bili ya hospitali lingesajiliwa kama kituo cha redio! Mswada ule haukuwa sheria. Lakini wazo halijafa, na miswada ina tabia ya kurudi na kanzu mpya.

Sasa watatuambia: "Mabaraza yanaeneza chuki, lazima yachungwe." Hilo tusilikwepe, kwa sababu ni kweli limetokea, na limetokea kwetu. Mashada lilikuwa baraza maarufu la Wakenya mtandaoni. Baada ya uchaguzi wa 2007 matusi ya kikabila yalilijaa mpaka mwenyewe, David Kobia, akalifunga Januari 2008. Hakusubiri leseni wala amri. Aliona moto, akauzima, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi ili watu waripoti ghasia.

Tena uchochezi tayari ni kosa Kenya, tangu Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008. Ukichochea kwenye mkutano, redioni, au ndani ya grupu la watu thelathini, kosa ni lile lile. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 nayo, ilipopitishwa, iliweka faini ya hadi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa habari za uongo, bila kujali uliandikia wapi. Kwa hivyo wewe unayejificha nyuma ya "hili ni grupu tu", amka. Na nyinyi mnaosema mabaraza hayana sheria, acheni kutudanganya. Kama kosa tayari ni kosa kila mahali, basi jina jipya linaongeza nini? Linaongeza mawili tu: kibali cha kuongea, na orodha ya waliongea. Juni 2025 Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti ya mtandaoni, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Watu walioona hayo ndio mnataka watoe majina yao kwenye rejista?

Neno la mwisho ni kwetu sisi wenyewe. Kila ikitajwa kufunga TikTok, baadhi yetu hupiga takbiri, kwa sababu ya uchafu ulioko mle. Uchafu upo, sibishi. Lakini hebu soma wavu uliosukwa. Wavu wa kumnasa anayecheza uchi ukiandikwa "mijadala yote ya mtandaoni", utanasa pia familia zinazotafuta watoto wao waliopotea, na vijana wanaouliza pesa za bursari ya kaunti zimeenda wapi. Hao ndio watakaotangulia kunaswa, kwa sababu ndio wanaowakera wakubwa.

Kwa hivyo mswada wowote ukija, usianze na kichwa chake. Nenda kwenye ukurasa wa tafsiri za maneno. Ukiona "mitandao ya kijamii" imebeba kila kitu, piga simu ofisi ya mbunge wako, peleka maoni kwa maandishi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge litusikilize.

Tudai matatu. Sheria ilenge kitendo, isilenge mahali. Baraza lisidaiwe leseni kwa sababu tu watu wanaongea ndani yake. Na jina la mwandishi lisitolewe bila amri ya mahakama, maana faragha yetu iko kwenye Kifungu cha 31.

Wewe admini, chunga baraza lako kabla hujachungiwa. Mchochezi mtoe leo. Muuliza maswali mlinde.