Mizizi ya Kigiriki na Maana ya Maneno ya Kiingereza

Hudaiwa kwamba ajuaye mizizi ya Kigiriki na Kilatini ameushika msamiati wa kitaaluma wa Kiingereza. Dai hili linahitaji kupimwa. Neno hydrogen, lililoundwa kwanza kwa Kifaransa mwaka 1787, lina mizizi ya Kigiriki yenye maana ya 'maji' na 'kuzaa'. Lakini Mwingereza asiyefunzwa hayaoni maji hayo, ilhali Mjerumani huyaona papo hapo katika Wasserstoff. Kwa maoni yetu, mizizi hii ifundishwe kama mofimu za uundaji wa maneno, si kama ufunguo wa maana. Oxygen ni 'kizaa asidi', kwani Lavoisier aliamini kuwa kila asidi ina oksijeni. Mwaka 1810 Davy alionyesha kwamba asidi haidrokloriki haina. Neno likabaki vilevile.