Washington: Jina la Ukoo Lisilo na Ukoo

Kamusi zetu huliita jina la mwisho la mtu "jina la ukoo", nasi tumezoea kulijaza hivyo katika fomu bila kujiuliza kama kweli pana ukoo nyuma yake. Naomba tulipime neno hili kwa jina moja mashuhuri la Marekani: Washington.

Asili yake ni mahali. Kaskazini mashariki mwa Uingereza upo mji uitwao Washington. Katika karne ya 12 bwana mmoja, William wa Hertburn, alipata ardhi ya hapo, akajiita kwa jina la makao yake mapya, na uzao wake ukalirithi. Mmoja wa uzao huo, John Washington, alihamia Virginia katika miaka ya 1650. Kitukuu chake, George, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Marekani.

George Washington hakujaliwa kupata mtoto. Alipofariki mwaka 1799, watumwa zaidi ya 300 walikuwa wakiishi katika mashamba yake ya Mount Vernon.

Sasa zitazame takwimu. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina hilo. Kati ya kila 100, takribani 90 walikuwa Weusi, kiwango ambacho hakuna jina jingine la kawaida nchini humo lililokikaribia. Anayeshika tafsiri ya kamusi ataona hapo ukoo mkubwa uliotoka kwa bwana wa Hertburn, na atakosea. Wengi wa watu hao ni uzao wa waliopata uhuru utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wakalazimika kuwa na jina la pili.

Tunaye shahidi. Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1856, ameeleza katika tawasifu yake ya mwaka 1901 kwamba alipoingia shule aliwasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili, wengine matatu, na yeye analo moja tu, Booker. Mwalimu alipomfikia, akajibu kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington. Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo. Hivyo ndivyo jina hilo lilivyopatikana: mtoto alijichagulia mwenyewe, darasani, ili asipungukiwe mbele ya wenzake. Kuliita "la ukoo" ni kumpokonya kitendo chake na kumpa sifa watu wasiomzaa.

Lugha yetu ilikwisha kuwa na adabu nzuri zaidi katika jambo hili. Tukisema Mwana Kupona binti Msham, neno "binti" hutamka uhusiano wenyewe, wala halidai zaidi ya hapo. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Jina hilo lilimwondoka, akawa Siti, na "binti Saad" likabaki mahali pake. Msikilizaji anajua lipi alilipata ukubwani na lipi la baba.

Rai yangu, basi, ni hii. Tuseme "jina la mwisho" pale tusipojua nasaba, na tuliweke "jina la ukoo" kwa majina yanayotaja ukoo hasa, kama Mazrui na Nabhany katika pwani yetu. Atakayepinga atasema kuwa Wachina hulitanguliza jina la familia. Kweli, na kwa kuwa wao hulipokea kwa nasaba, waendelee kuliita la ukoo.

Mshairi hukesha akitafuta neno moja lenye mizani na maana. Basi na tusilikubali neno linalowapa watu 163,036 babu ambaye si wao.